Kisima cha mwambani ni ufa, si mita

Kila kiangazi kinapokaribia, mitambo ya kuchimba visima huwa haina nafasi katika mikoa ya Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga. Mkulima anauza ng'ombe watano, kikundi cha kuweka na kukopa kinavunja kibubu, mwenye duka la pembejeo anatoa akiba ya misimu mitatu. Mtambo unafika, unanguruma siku moja au mbili, vumbi jeupe linatanda, na mwisho wake huwa mambo mawili tu. Ama maji yanaruka na watoto wanashangilia, ama unatoka unga mkavu wa mawe mpaka fedha zinakwisha. Katika hali zote mbili ankara ni ileile, kwa kuwa bei ilipatanwa kwa mita.

Tunaona kwamba utaratibu huu wa kulipa kwa mita, bila sharti jingine lolote, unawaumiza wakulima na wafanyabiashara wadogo wa maeneo yenye mwamba mgumu. Hatusemi hivyo kwa kuwachukia wachimbaji, ambao wengi wao wanafanya kazi ngumu na kwa mashine zinazokula dizeli bila huruma. Tunasema hivyo kwa sababu sayansi ya maji ndani ya mwamba, ambayo imekuwa ikijulikana vizuri kwa zaidi ya miaka 40, inaonyesha kuwa urefu wa shimo na wingi wa maji ni vitu viwili tofauti kabisa. Mkulima analipia cha kwanza akidhani ananunua cha pili.

Sehemu kubwa ya mikoa tuliyoitaja imekaa juu ya graniti na miamba ya jamii hiyo, ambayo umri wake unazidi miaka bilioni mbili. Mwamba wa namna hii haufanani na mchanga wa pwani. Mchanga una vitundu kila mahali, kwa hiyo ukichimba hapa au hatua 50 kutoka hapa utapata karibu kiasi kilekile cha maji. Graniti ambayo haijapasuka haina nafasi ya kuweka hata kikombe. Maji yote yaliyomo yanapita kwenye nyufa, na nyufa hazikupangwa kwa usawa. Ndiyo maana jirani anaweza kuwa na kisima kinachonywesha kijiji kizima na wewe, uliyetenganishwa naye kwa ua wa minyaa, ukapata vumbi.

Mtu aliyeiweka hesabu ya jambo hili mahali pa kuaminika ni Paul Witherspoon, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliyefariki mwaka 2012. Alianza maisha ya kazi kama mhandisi wa mafuta, kisha akahamia kwenye maji yanayopita ndani ya miamba. Mwaka 1980 yeye na wenzake watatu, Wang, Iwai na Gale, walichapisha matokeo ya majaribio ya maabara waliyoyafanya kwa vipande vya graniti, marumaru na basalti vilivyopasuliwa. Walipitisha maji ndani ya ufa huku wakiubana kwa mashine, wakapima ni kiasi gani kinapita kadiri ufa unavyozidi kuwa mwembamba, hadi kufikia upana wa elfu nne za milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja, yaani mwembamba kuliko unywele mara nyingi.

Walichothibitisha ni kanuni inayoitwa ya mchemraba. Ilikuwa inajulikana tangu zamani kwa sahani mbili laini zilizowekwa sambamba. Wao walionyesha kuwa inafanya kazi ndani ya mawe halisi pia, isipokuwa ukwaruzo wa kuta za ufa unapunguza maji kiasi fulani. Kanuni yenyewe inasema hivi: msukumo wa maji ukiwa sawa, ufa ukiongezeka upana mara mbili, maji yanayopita yanaongezeka mara nane. Ukiongezeka mara tatu, maji mara 27. Ukiongezeka mara kumi, maji mara 1,000.

Mfanyabiashara atauelewa upesi uzito wa hesabu hii. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Chukua ufa wenye upana wa karatasi hiyo moja, na ufa mwingine wenye upana wa karatasi kumi zilizopangwa pamoja, yaani milimita moja. Kwa jicho, vyote viwili ni vistari tu kwenye jiwe. Lakini utahitaji nyufa 1,000 za aina ya kwanza ili upate maji yanayoletwa na ufa mmoja wa aina ya pili. Kwa hiyo shimo linaweza kukata nyufa 30 na likabaki kisima cha ndoo mbili, na shimo jingine likakata ufa mmoja tu na likawa kisima cha shamba. Idadi ya mita haiingii popote kwenye hesabu hiyo.

Witherspoon hakuishia maabara. Kuanzia mwaka 1977 aliongoza upande wa Marekani katika utafiti wa pamoja na Sweden ndani ya mgodi wa zamani wa chuma uitwao Stripa, zaidi ya mita 300 chini ya ardhi, katikati ya graniti. Nia yao ilikuwa kinyume na yetu. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuzika taka za nyuklia, kwa hiyo walitamani mwamba usiopitisha maji hata kidogo, na walitaka kujua kama upo. Hapo Stripa, katika miaka ya 1980, watafiti wa Sweden walifunika dari ya njia ya mgodini kwa mamia ya karatasi za plastiki, kila moja ikikinga maji ya eneo la kama mita mbili za mraba. Sehemu kubwa ya karatasi hizo zilikaa kavu. Maji mengi yalitoka kwenye karatasi chache tu. Waliochimba njia hiyo walikuwa wanatembea chini ya mwamba mmoja, wa aina moja, na bado maji yalichagua pa kutokea.

Msomaji atauliza Stripa inahusiana vipi na Manyoni au Kahama. Inahusiana kwa sababu graniti inapasuka na kupitisha maji kwa kanuni zilezile popote ilipo. Tofauti ipo moja kubwa, nayo ni nzuri kwetu. Kule kaskazini mwa Ulaya barafu ya zama za kale ilikwangua udongo na mwamba laini wa juu, ukabaki mwamba mtupu. Huku kwenye joto, mvua na muda mrefu vimeuozesha mwamba kutoka juu kwenda chini, hivyo chini ya shamba kuna tabaka la mwamba uliooza, la mita chache au makumi ya mita, linalokaa kama sifongo. Chini ya sifongo ndipo penye nyufa. Sifongo linatunza maji, nyufa zinayasafirisha, na kisima kizuri huwa kinafaidi vyote viwili.

Watafiti wa Ufaransa akiwemo Patrick Lachassagne, waliofanya kazi miaka mingi kwenye graniti ya kusini mwa India pamoja na Wahindi wenyewe, wanasema nyufa nyingi zenye maji hazikuletwa na matetemeko kama wengi wanavyodhani. Zimeletwa na kuoza huko huko kwa mwamba, ambapo madini yanavimba na kulipasua jiwe. Kama ni hivyo, basi nyufa hizo zimekaa kwenye tabaka la makumi ya mita chini ya mwamba uliooza, na zinapungua kadiri unavyoshuka. Ongeza hapo alichokipima Witherspoon: uzito wa mwamba unapoubana ufa, upana unapungua, na upana ukipungua kwa nusu maji yanabaki sehemu moja tu ya nane.

Hapa ndipo mkulima anapopoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Shimo limefika mita 80 na ni kavu. Fundi anasema, kwa nia njema kabisa au kwa nia nyingine, "Tukiongeza mita 40 tutayapata." Mkulima ameshatoa fedha, moyo unamwambia asikate tamaa, anakwenda kukopa. Lakini mita hizo 40 za chini zina nafasi ndogo ya kukutana na ufa mpana kuliko mita 40 alizokwishazipita, na kila moja inauzwa kwa bei ileile au zaidi. Mara nyingi mwenye busara angeuhamisha mtambo mita 150 upande mwingine na kuanza upya. Wapo watakaobahatika chini, hasa panapopita ufa mkubwa wa bonde la ufa, lakini ufa wa namna hiyo hutafutwa kabla mtambo haujaitwa. Kusini mwa India wakulima walifukuzia maji ndani ya mwamba kwa njia hiyo, kisima kirefu kikifuatwa na kirefu zaidi, kila kimoja kwa mkopo wake, na madeni ya visima vikavu yakawa moja ya mizigo mizito ya familia za vijijini.

Sasa tuje kwenye kiasi. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Alan MacDonald wa taasisi ya jiolojia ya Uingereza walichapisha ramani za maji ya ardhini za bara zima la Afrika. Walikadiria kuwa chini ya bara letu kuna maji yapatayo kilomita za ujazo 660,000, na magazeti mengi duniani yakaandika kana kwamba ukame umepata dawa. Walioisoma kazi yenyewe hadi mwisho waliona jambo jingine. Maji mengi ya hesabu hiyo yako chini ya jangwa la Sahara na nchi zilizo jirani nalo. Kwenye miamba ya kale kama yetu, kisima huwa kinatoa kati ya lita 0.1 na lita 1 kwa sekunde. Hiyo inatosha pampu ya mkono, na haitoshi kilimo kikubwa cha umwagiliaji, kinachotaka lita 5 kwa sekunde au zaidi.

Tuifanye hesabu hiyo kwa ekari. Ekari moja ya nyanya au vitunguu wakati wa kiangazi ikihitaji milimita 4 za maji kwa siku, hiyo ni kama lita 16,000 kila siku. Kisima cha lita 1,000 kwa saa, ambacho kwenye graniti si kibaya hata kidogo, kikivutwa saa kumi kinatoa lita 10,000. Kwa hiyo kinalisha kama ekari moja kasorobo na robo nyingine uipunguze kidogo. Tuseme nusu ekari na ushee, na hapo ng'ombe hawajanywa na hakuna aliyefua. Mkulima aliyepanga ekari tatu za nyanya kwa kisima cha namna hiyo, na akanunua mbegu, mbolea na mabomba ya ekari tatu, ameshapata hasara kabla ya kupanda. Tatizo lake halikuwa ukosefu wa maji. Alikopa kabla ya kujua kisima chake ni cha ukubwa gani.

Kwa hiyo ni lazima mambo yaende kwa mpangilio tofauti. Kwanza upimaji, yaani mtaalamu wa maji ya ardhini aje na vifaa vya kupitisha umeme ardhini, aangalie pia picha za eneo zilizopigwa kutoka angani, ambazo mara nyingi zinaonyesha mistari ya nyufa kubwa kwa mpangilio wa miti na makorongo. Vifaa hivyo havioni maji. Vinaonyesha mahali ambapo mwamba umeoza kwa kina kikubwa na mahali ulipopasuka, na hapo ndipo bahati inapoongezeka. Wanaokuja na kijiti cha mti nao wana wafuasi wao, na sifa zao hazikutoka hewani: panapokuwa na tabaka nene la mwamba uliooza, karibu shimo lolote litatoa maji kidogo, na kijiti kinapata heshima. Pasipo na tabaka hilo, kijiti kinanyamaza.

Wengi wanauona upimaji kama gharama ya ziada. Tuchukue mfano, na tunasisitiza ni mfano wa kufundishia hesabu tu. Tuseme shimo moja ni shilingi milioni 8, na bila upimaji mashimo manne kati ya kumi yanapata maji ya kutosha. Mashimo kumi ni milioni 80, kwa hiyo kila kisima kilichofaulu kimegharimu milioni 20. Sasa tuseme upimaji ni milioni moja kwa kila shimo na unafikisha mafanikio kuwa sita kati ya kumi. Mashimo kumi sasa ni milioni 90, lakini visima ni sita, na kila kimoja kimegharimu milioni 15. Anayeruka upimaji ili kuokoa milioni moja, kwa wastani amepoteza tano. Badilisha tarakimu hizo kwa bei za wilayani kwako uone mwenyewe upimaji unaanza kulipa mahali gani.

Neno "wastani" hata hivyo ndilo lenye mtego kwa mkulima mmoja. Wastani ni wa watu kumi. Yeye ana shimo moja. Kampuni inayochimba mashimo 100 kwa mwaka inaweza kuishi na makavu 40, mkulima hawezi kuishi na kavu moja. Hapa ndipo kikundi kinapokuwa na maana ya kibiashara, si ya hotuba za mkutano wa kijiji. Kaya kumi zikichangia mashimo matatu yaliyopimwa, na zikakubaliana mapema kuwa maji yatakayopatikana ni ya wote kumi popote yatakapotokea, hatari ya kubaki bila kitu inashuka sana. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya mtambo kufika. Yakisubiri mpaka maji yatokee kwenye shamba la mmoja wao, hayataandikwa tena.

Halafu mkataba. Tunakubali kwamba ukimwambia mchimbaji "hakuna maji, hakuna malipo" atakataa, au atapandisha bei hadi wale wanaofanikiwa wawalipie wanaokosa. Na akiwa mwerevu ataonyesha maji kidogo tu na kudai chake. Kinachowezekana ni kugawa malipo. Mtambo ulipiwe kufika. Mita zilipiwe hadi kina ambacho mtaalamu wa upimaji, asiyelipwa na mchimbaji, amekiandika kuwa ndicho cha kusimamia, na mita moja zaidi isichimbwe bila saini ya mteja. Mabomba ya ndani na kokoto vilipiwe pale tu maji yanapopatikana. Na fungu la mwisho, lisilo dogo, lisubiri kipimo cha kuvuta maji kwa pampu.

Kipimo hicho ndicho kinachofanyiwa hila kuliko vyote. Shimo la mita 80 lina maji yaliyokaa ndani yake tayari, na nyufa za karibu nazo zimejaa. Ukivuta kwa saa moja utayatoa hayo tu na kila mtu atapiga makofi. Ukiendelea saa 24, sifongo la juu na nyufa za mbali ndipo zinapoanza kuulizwa zina nini. Kiwango cha maji kinaposhuka hadi chini ya ufa mkuu, ufa huo unaanza kumwaga maji kwenye hewa kama bomba la paa, na kisima kinachotoa lita 2,000 saa ya kwanza kinaweza kubaki na 500. Baada ya pampu kuzimwa, pima pia maji yanavyopanda kurudi. Kisima kinachorudi haraka ni kama mteja anayelipa deni mapema. Kinachochukua siku mbili kurudi kinakuambia usikitegemee kwa ekari nyingi. Na kabla ya yote, sampuli ya maji ipelekwe maabara, kwa sababu kwenye mikoa yetu ya graniti madini ya floridi yanaweza kuzidi miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na hayaonekani wala hayana ladha.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mchimbaji awe na leseni na mtumiaji wa maji awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Wengi wanaiona kama usumbufu mwingine wa serikali. Kwa mteja, leseni ni mahali pa kuanzia tu kumdai mtu aliyeharibu kazi.

Lipo swali jingine ambalo mkataba mzuri haulitatui: maji ya kwenye nyufa yanarudishwa na nani, na lini? Jibu bora tulilonalo halikutoka mbali. Kaskazini mwa jiji la Dodoma liko eneo la Makutupora, penye zabibu na kituo cha utafiti wa zabibu, na penye visima vinavyolisha jiji hilo tangu lilipokuwa mji mdogo. Visima hivyo viko kwenye graniti iliyooza na kupasuka, mahali palipokatwa na nyufa kubwa za bonde la ufa. Kwa bahati njema, na kwa uvumilivu wa mafundi wa maji waliokuwa wakishusha kamba ya kupimia mwaka hadi mwaka, kumbukumbu za kina cha maji zipo tangu mwaka 1955. Kumbukumbu ndefu namna hiyo ni adimu katika Afrika yote ya joto.

Mwaka 2013 Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, pamoja na wenzake wakiwemo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Waligundua kwamba mvua ya kawaida ya Dodoma, ambayo ni chini ya milimita 600 kwa mwaka, kwa kawaida haifiki kwenye nyufa. Mimea na jua vinaichukua yote. Kiwango cha maji kinashuka mwaka baada ya mwaka, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, na maji yanapanda kwa kishindo. Mpando mkubwa kuliko yote ulikuwa wa msimu wa 1997/98, ile El Niño ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa madaraja yaliyobomoka. Mvua iliyobomoa barabara ndiyo hiyohiyo iliyojaza kisima.

Utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 2021 na David Seddon, Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao, uliongeza kipande kilichokosekana. Maji hayo hayazami sawasawa kila mahali. Sehemu kubwa inapenya kupitia vitanda vya mito ya msimu, yale makorongo ya mchanga ambayo miezi tisa ya mwaka hupitwa na mbuzi na malori ya mchanga. Sisi tunaona kwamba halmashauri inayouza mchanga wote wa korongo kwa wajenzi bila kuuliza inauza mlango wa kisima chake yenyewe kwa bei ya tripu.

Mwenye duka anaelewa vizuri biashara ya namna hii. Kuna wauzaji ambao mauzo yao ya mwaka mzima yanatokana na wiki mbili za kabla ya sikukuu. Mtu huyo hawezi kutumia Januari kana kwamba kila mwezi ni Desemba. Kisima cha Makutupora, na bila shaka vingi vinavyofanana nacho, kinapata Desemba yake mara moja katika miaka kadhaa. Hesabu ya kuvuta maji inapaswa kufanywa kwa muda huo, na si kwa masika ya mwaka huu tu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, wanaosubiri maji hayo wameongezeka sana, kila mmoja akiwa na haki yake, wakiwemo wakulima wa zabibu waliokuwapo kabla ya wizara.

Pampu za umeme wa jua zimezidisha uzito wa jambo hili. Tunazishangilia, kwani zimemwokoa mkulima na foleni ya dizeli. Lakini dizeli ilikuwa breki. Kila lita ya maji ilikuwa na bei, na mkulima alizima injini nyanya zikishanywa. Jua halina ankara. Pampu inaanza saa moja asubuhi na kuvuta hadi magharibi, tangi likifurika maji yanakwenda kwenye mfereji, na hakuna anayeona hasara mpaka ufa mkuu unapoanza kumwaga kwenye hewa. Kidhibiti kinachozima pampu maji yanaposhuka hadi kina fulani si ghali ukilinganisha na pampu yenyewe, na mabenki na wafadhili wanaokopesha pampu hizo wangeweza kukifanya sharti la mkopo. Ni dhamana yao pia.

Nyufa zina tabia nyingine inayoleta ugomvi vijijini. Visima viwili vilivyo mita 20 kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kuwa havijuani kabisa, huku viwili vilivyo mita 300 vikawa vinanyonya ufa mmoja. Mtu anashangaa kisima chake kinashuka jirani wa ng'ambo anapowasha pampu, anaanza kutafuta mchawi. Kwa sababu hiyohiyo choo kilichochimbwa mpaka kwenye mwamba kinaweza kupeleka uchafu mbali kwa muda mfupi, pasipo mchanga wa kuuchuja njiani. Kanuni za umbali zilizoandikwa kwa ajili ya udongo wa mchanga hazitoshi hapa, na bwana afya anayezitumia Singida kama anavyozitumia Bagamoyo anahitaji kusaidiwa.

La mwisho ni la kumbukumbu, na hili tunaliweka mezani kwa bodi za mabonde na RUWASA. Kila mwaka mashimo mengi yanachimbwa kwenye mwamba na makavu yanafukiwa kimya kimya. Mchimbaji hapendi yajulikane, mteja anaona aibu. Kesho yake mkulima mwingine anachimba mita 100 kutoka hapo, kwa fedha ya ng'ombe wake, akitafuta habari ambayo ilishalipiwa na mwenzake. Shimo kavu ni taarifa, na kwenye graniti ni taarifa ya thamani kubwa. Mchimbaji mwenye leseni anatakiwa awasilishe taarifa ya kila shimo, likiwa na maji au likiwa kavu, na taarifa hizo zibandikwe ofisi ya kata mahali mtu yeyote anaweza kuzisoma kabla ya kulipa kianzio. Karatasi yenye mistari mitano ingetosha: shimo liko wapi, limefika mita ngapi, mwamba mgumu umeanza mita ya ngapi, maji yalionekana mita ya ngapi, na yalikuwa lita ngapi kwa saa baada ya kuvutwa siku nzima.